Toleo la kwanza ni shahidi: Funzo kutoka kwa wakusanyaji wa riwaya za wanyonya damu

WENGI wetu tunapofungua kitabu huruka ukurasa mmoja bila kuutupia jicho. Ni ule unaobeba jina la mchapishaji, mwaka, na maneno kama ‘toleo la kwanza’ au ‘kimechapishwa tena’. Tunakimbilia hadithi. Kwa msomaji wa kawaida, hilo si kosa. Lakini kwa mhakiki, na kwa mtu anayekusanya vitabu adimu, ukurasa huo ndio cheti cha kuzaliwa cha kitabu. Na cheti, kama tujuavyo, kinaweza kuwa na makosa, kinaweza kuficha jina la mzazi, na wakati mwingine kinaweza kughushiwa.

Makala haya yanaangazia kundi dogo la vitabu vilivyotoka London katika karne ya 19: hadithi za kigothiki kuhusu wafu wanaofufuka usiku kunyonya damu ya walio hai. Nimevichagua kwa sababu karibu kila kimoja kina kesi. Ama haijulikani vyema ni nani aliyekiandika, ama hakuna maafikiano kuhusu lini kilitoka kwanza, ama maneno yake yalibadilika njiani. Hoja yangu ni moja. Toleo la kwanza halina thamani kwa sababu ya uzee wake. Lina thamani kwa kuwa ni shahidi, na shahidi huyo akipotea, kuna watu wanaodhulumiwa.

Toleo, chapa na tokeo

Kabla hatujafika mbali, hebu tuelewane kuhusu istilahi, maana hapa ndipo wengi wetu hujikwaa.

Neno ‘toleo’ linatokana na kitenzi toa. Ni maandishi yaliyotolewa kwa umma yakiwa yamepangwa kwa namna moja. Herufi zikipangwa upya, sura ikiongezwa au kupunguzwa, hilo ni toleo jingine. ‘Chapa’, neno lililotujia kutoka Kihindi, ni ile safari moja ya mtambo: toleo moja linaweza kupigwa chapa mara kumi bila neno hata moja kubadilika. ‘Nakala’ nayo ni kitabu kimoja, hiki hapa ulichokishika mkononi. Kwa hivyo, mkusanyaji anaposema anatafuta toleo la kwanza, aghalabu anamaanisha nakala ya chapa ya kwanza ya toleo la kwanza. Ukimwuzia chapa ya tano ya toleo hilohilo atakuona tapeli, ijapokuwa kisarufi hujamdanganya!

Lipo jambo la nne ambalo hatujalipa jina. Hadithi nyingi za karne ya 19 zilitokea jaridani kabla ya kuwa vitabu. Kule kutokea jaridani tukuiteje? Napendekeza ‘tokeo la kwanza’, kutokana na kitenzi toka, ili tulitofautishe na toleo la kwanza. Herufi moja tu inabadilika, lakini tofauti ni kubwa, kama tutakavyoona.

Hata neno ‘gothiki’ lenyewe lina kisa cha matoleo. Riwaya inayohesabiwa kuwa mama wa tanzu hii ni The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka Desemba 1764 ikiwa na mwaka 1765 kwenye ukurasa wa anwani. Katika toleo hilo la kwanza Walpole alijificha. Alidai kuwa kitabu ni tafsiri ya maandishi ya kale ya Kiitaliano. Kiliponunuliwa kwa wingi, alijitokeza katika toleo la pili la 1765, na ndipo alipoongeza maelezo kwamba hiki ni kisa cha kigothiki. Kumbe basi riwaya ya kwanza ya kigothiki, katika toleo lake la kwanza, haikujiita ya kigothiki! Anayesoma toleo la pili peke yake hawezi kulijua hilo.

Na je, kiumbe anayenyonya damu tumwite nani? Wapo watakaosema ‘mumiani’. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na awali lilitaja dawa nyeusi mfano wa gundi au lami. Baadaye, hapa Afrika Mashariki, likawa jina la mtu anayedaiwa kuua wengine ili achukue damu yao. Mwanahistoria Luise White alizichunguza tetesi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, Speaking with Vampires. Hata hivyo, mumiani wetu ni mtu hai, mwenye kazi na mara nyingi mwenye gari. Yule wa riwaya za kigothiki amekwishakufa na kuzikwa. Ndiyo maana hapa nitamwita mfu mnyonya damu, ama mnyonya damu kwa kifupi.

Kitabu kilichonyang’anywa mwenyewe

Kesi ya kwanza ni ya daktari kijana, John Polidori. Mwaka 1816 aliandamana na mshairi maarufu Lord Byron hadi Uswisi akiwa tabibu wake. Kando ya Ziwa Geneva, Byron na wageni wake walishindana kutunga visa vya kutisha. Huko ndiko lilikoanzia wazo la Frankenstein ya Mary Shelley, iliyochapishwa Januari 1818. Byron naye alianza kisa akakiacha njiani. Polidori alikichukua kipande hicho cha wazo, akakijenga upya, akaandika The Vampyre.

Tarehe 1 Aprili 1819 hadithi hiyo ilitokea katika jarida la New Monthly Magazine la Henry Colburn. Ilitajwa kuwa ya Lord Byron. Kwa nini? Jina la Byron liliuza. La Polidori halikuuza. Polidori aliandika barua kulalamika. Byron mwenyewe alikana kuwa ndiye mwandishi. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mwaka huohuo kitabu kilitolewa London na Sherwood, Neely na Jones, na zipo nakala chache mno zenye jina la Byron kwenye ukurasa wa anwani. Zilizo nyingi hazina jina la mwandishi yeyote. Ng’ambo, matoleo na tafsiri ziliendelea kubeba jina la Byron.

Kwa mkusanyaji, nakala yenye jina la Byron ndiyo inayosakwa zaidi kwa kuwa ni adimu. Kwa msomi, nakala hiyo ni ushahidi wa dhuluma. Ukiweka kando kwa kando jarida la Aprili, nakala yenye jina la Byron na nakala isiyo na jina, unaona jinsi jina la mtu lilivyobandikwa na kubanduliwa pasi na kumtaja mwenye kazi. Polidori alifariki mnamo Agosti 1821, akiwa na umri wa miaka 25. Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard imehifadhiwa nakala ambayo aliisahihisha kwa mkono wake, akibadilisha hata jina la mhusika mkuu kutoka Ruthven kuwa Strongmore. Toleo hilo alilolikusudia hakuwahi kuliona.

Kilichosomwa hadi kikachakaa

Kesi ya pili inatufundisha kwa nini vitabu fulani ni adimu. Kati ya 1845 na 1847, mchapishaji Edward Lloyd alitoa Varney the Vampire kwa vipande vya kila wiki, kila kipande kwa peni moja. Ilikuwa burudani ya wafanyakazi wa viwandani, vijakazi na vijana wa mitaani. Karatasi ilikuwa hafifu, maandishi yamebanwa katika safu mbili, na hadithi ikarefushwa madhali wanunuzi wapo. Ilipokusanywa kuwa kitabu mwaka 1847, ilizidi kurasa 860, na hata hesabu ya sura ilikuwa imevurugika.

Mtu angedhani kuwa kitabu kilichouzwa kwa wingi namna hiyo kingepatikana kila mahali. Wapi! Kitabu cha tajiri huwekwa kabatini. Kitabu cha maskini hupitishwa mkono kwa mkono, husomwa jikoni, kisha hufungia samaki. Kwa sababu hiyo, Varney kamili ya wakati wake ni adimu kuliko vitabu vingi vya bei ghali vya enzi hiyo. Waungwana na maktaba kubwa hawakuona sababu ya kuhifadhi takataka za peni moja. Aliyezithamini ni Barry Ono, msanii wa majukwaa ya muziki na vichekesho jijini London, ambaye alikusanya hadithi hizo kwa miaka mingi na kuwaachia British Museum alipofariki mwaka 1941. Leo mkusanyiko huo umo British Library. Bila kichaa cha mtu huyo mmoja, sura nzima ya historia ya usomaji wa watu wa kawaida ingekuwa imetupotea.

Varney pia haikutaja jina la mwandishi. Kwa muda mrefu wahakiki waliamini kuwa ni kazi ya Thomas Peckett Prest. Siku hizi wengi wanamtambua James Malcolm Rymer. Kwa mara nyingine tena tunarejea kwenye swali lilelile la mwenye mali.

Carmilla na swali la lipi la kwanza

Sasa tuitumie ile istilahi ya tokeo. Carmilla ya Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Ireland, ilitokea kwa awamu katika jarida la The Dark Blue kuanzia Desemba 1871 hadi Machi 1872. Mwaka huohuo wa 1872 ikaingizwa katika mkusanyiko wa In a Glass Darkly, uliotolewa na Bentley kwa majuzuu matatu. Lipi basi ni la kwanza?

Jibu linategemea unachokitafuta. Katika jarida ipo michoro ambayo haimo kitabuni. Kitabuni upo utangulizi mfupi unaoifanya hadithi kuwa sehemu ya makaratasi ya tabibu mmoja, Dkt Hesselius. Anayesoma jaridani anakutana na msichana akisimulia mkasa wake moja kwa moja. Anayesoma kitabuni anaupokea mkasa huohuo kupitia mikono ya daktari na mhariri. Kinadharia hilo si jambo dogo, kwani linabadilisha nafsi tunayoiamini. Tokeo la kwanza na toleo la kwanza ni mashahidi wawili, na kila mmoja ana ya kwake ya kusema.

Majuzuu matatu nayo yana historia yake. Wakati huo riwaya ya namna hiyo iliuzwa kwa shilingi 31 na peni 6, bei ambayo mtu wa kawaida hangeimudu. Wanunuzi wakubwa walikuwa maktaba za kuazimisha kama ile ya Mudie. Ndiyo sababu nakala nyingi zilizosalia zina mabaki ya vibandiko vya maktaba, madoa ya vidole, na majuzuu yasiyolingana. Kuyapata yote matatu yakiwa pamoja na katika majalada yao ya awali ni kazi ya subira.

Dracula: kitabu cha njano

Tumefika kwa mwenye jina kubwa kuwaliko wote. Dracula ya Bram Stoker ilitolewa na Archibald Constable mnamo Mei 1897, bei shilingi sita, jalada la kitambaa cha njano lenye maandishi mekundu. Rangi hiyo ndiyo balaa. Njano hushika uchafu, huchujuka juani, na mgongo wa kitabu hugeuka kahawia. Nakala safi huwafanya wakusanyaji wakose usingizi.

Lakini jalada halitoshi, kwa sababu chapa kadhaa za mwanzo zina mwaka uleule wa 1897. Mjuzi hufungua ukurasa wa mwisho. Katika nakala zinazohesabiwa kuwa za awali zaidi, nyuma ya ukurasa wa mwisho wa hadithi hakuna kitu. Katika nakala zilizofuata kuna tangazo la riwaya nyingine ya Stoker, The Shoulder of Shasta, na nyingine zina orodha ya vitabu vya mchapishaji. Tangazo tu! Jambo ambalo msomaji wa 1897 hakulijali ndilo leo linalotenganisha nakala ya bei kubwa na ya bei ya wastani. Anayeuza akisema ‘toleo la kwanza’ bila kutaja ukurasa huo, mwulize. Kuuliza si ujinga.

Mwaka huohuo wa 1897 kampuni ya Hutchinson ilitoa Dracula katika mfululizo wake wa vitabu vya makoloni, vilivyokusudiwa wasomaji wa India na himaya nzima ya Uingereza. Ni jambo la kutafakari: aliyetawaliwa au aliyeishi koloni aliwekewa kitabu chake peke yake, chenye jalada lake. Wahakiki waliozoea kutazama London tu hulisahau toleo hili, ilhali linatueleza hadithi hii ilisafirishwaje na kwa ajili ya nani.

Kisha kuna maneno yenyewe. Kipo kisa ambacho Dracula anawakuta wanawake watatu wakitaka kumnyonya mgeni wake, Jonathan Harker. Baadaye anawaambia wangoje, zamu yao ni kesho usiku. Hivyo ndivyo ilivyo katika toleo la London la 1897. Katika toleo la New York la Doubleday na McClure la 1899, Dracula anaongeza kuwa usiku wa leo ni wake yeye. Sentensi moja fupi. Lakini inaashiria kwamba Dracula mwenyewe atamnyonya Harker usiku huo, jambo ambalo toleo la London halilisemi. Hebu fikiria mwanafunzi aliyejenga tasnifu nzima juu ya uhusiano wa wanaume hao wawili pasipo kujua sentensi hiyo imo katika toleo gani.

Mwaka 1901 Constable walitoa toleo jingine la bei rahisi, peni 6, likiwa limefupishwa. Jaladani pana picha ya Dracula akiteremka ukutani kichwa chini kama mjusi. Ni mzee mwenye masharubu meupe, si yule kijana mtanashati wa sinema. Toleo hili si la kwanza, ila wakusanyaji wanalisaka mno, na wana haki. Kwa kuwa lilikuwa na jalada la karatasi, machache ndiyo yaliyosalia.

Mwaka huohuo, kule Reykjavik, kilitoka kitabu cha Kiaislandi kiitwacho Makt myrkranna, kilichokuwa kimeanza kutokea gazetini mwaka 1900. Kilitambuliwa kama tafsiri ya Dracula iliyofupishwa, kazi ya Valdimar Ásmundsson. Kwa muda mrefu wataalamu walikinukuu kwa sababu ya dibaji yake tu. Mwaka 2014 mtafiti Hans de Roos alipokisoma kwa makini alitanabahi kwamba kina wahusika na matukio ambayo Stoker wa London hana. Baadaye ikabainika kuwa nyuma yake kulikuwa na tokeo la Kiswidi la 1899 katika magazeti. Kitabu kilikuwa rafuni muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kukifungua na kukilinganisha.

Karatasi haisemi uongo

Palipo na pesa hapakosi waghushi. Thomas J. Wise alikuwa mkusanyaji aliyeheshimika mno Uingereza, hadi John Carter na Graham Pollard walipotoa uchunguzi wao mwaka 1934 kuhusu vijitabu vilivyodaiwa kuwa matoleo ya mwanzo ya washairi wa karne ya 19. Vijitabu hivyo vilikuwa vimepitia mikononi mwa Wise. Waliichunguza karatasi. Baadhi ilikuwa na nyasi za esparto, ambazo hazikuanza kutumika kutengenezea karatasi Uingereza hadi 1861. Nyingine ilikuwa na mbao zilizosagwa kwa kemikali, teknolojia ya baadaye zaidi. Sasa, kijitabu chenye mwaka 1847 kitapataje karatasi ambayo haijavumbuliwa? Ukurasa wa anwani ulidanganya, karatasi ikasema kweli.

Hadithi za wanyonya damu zina hatari zake pia. Nakala mbili mbovu huvunjwa zikaungwa kuwa moja iliyo nzima. Jalada la nakala moja huvishwa nyingine. Ukurasa wenye tangazo huondolewa ili nakala ionekane ya awali. Kwa hivyo mnunuzi makini huhesabu kurasa, hutazama kama mshono ni wa awali, hulinganisha rangi ya karatasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hudai kuelezwa nakala imepitia kwa nani. Asiye na pesa za minada naye hajafungiwa mlango. Dover ya New York ilitoa Varney kwa kuipiga picha kurasa za awali mwaka 1972, na nakala ya namna hiyo inatosha kabisa kwa utafiti wa maneno na mpangilio wake.

Na sisi?

Msomaji anaweza kuuliza, haya yote yanahusianaje na wanaojifunza fasihi ya Kiswahili? Yanahusiana sana. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mara ya kwanza mwaka 1951. Nakala zinazosomwa leo ni za miongo ya baadaye na za wachapishaji wengine. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuweka nakala mbili za miaka tofauti mezani na kuzisoma sambamba, mstari kwa mstari? Katika tasnifu nyingi mwanafunzi huandika mwaka wa nakala aliyo nayo, na msomaji akabaki akidhani kuwa riwaya ya enzi ya ukoloni iliandikwa baada ya uhuru.

Dawa yake haigharimu hata senti. Unaponukuu, taja mwaka wa toleo unalolitumia pamoja na mwaka wa toleo la kwanza. Ukikuta ‘toleo jipya’, tafuta kilichofanywa kipya. Na ukirithi sanduku la vitabu vya babu au nyanya, usikimbilie kuvichoma au kuviuza kwa kilo kwa sababu majalada yameliwa na mende. Fungua kwanza ule ukurasa tunaouruka. Huenda shahidi wa pekee wa maneno ya mwandishi fulani wa Kiswahili yumo humo sandukuni, akisubiri kuulizwa.